Andrew Watson, Mtu Mweusi Aliyekuwa Nahodha wa Uskoti

Alasiri ya Jumamosi, jua likianza kuinama upande wa milima ya Nyandarua, wapenzi wa mpira wa Nyeri hushika njia ya kwenda Ruring'u. Mambo ni hayo hayo Karatina, Kerugoya, Embu na Nanyuki. Na huko Meru watu hukusanyika Kinoru. Kijana akiung'ang'ania mpira miguuni mwake, akataka kuwachenga watu watatu peke yake, mara husikika sauti kutoka ukingoni mwa uwanja: "Toa pasi!" Apigaye ukelele huo, awe mkulima wa kahawa au karani wa ofisi, huenda hajui kwamba anarudia hoja iliyobishaniwa kati ya Waskoti na Waingereza kabla reli haijafika Nairobi, na kwamba mmoja wa watu walioishinda hoja hiyo kwa miguu yao alikuwa mtu mweusi.

Mpira uliingia katika nchi za Mlima Kenya kwa njia nyingi. Askari waliucheza, na makarani pia. Lakini katika Mathira, na upande wa Chogoria, shule za misheni ndizo zilizoukuza, na misheni hizo zilikuwa za Waskoti. Kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, kilianzishwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kikiwa mtoto wa kituo cha Kikuyu. Chogoria ikafuata mwaka 1922 chini ya Daktari Clive Irvine. (Mapadre wa Consolata, ambao ni Waitalia, walikuwa wamekwisha fika Nyeri mapema zaidi, lakini hiyo ni habari nyingine.) Kiongozi mkuu wa Waskoti hao kwa miaka mingi alikuwa Daktari John Arthur, aliyefika Kikuyu mwaka 1907 na kukaa nchini hadi 1937. Alikuwa mtu wa nguvu nyingi asiyependa kukaa kitako. Alijaribu hata kuupanda Mlima Kenya zaidi ya mara moja, ingawa kilele cha Batian hakukifikia. Kwake yeye mpira haukuwa mchezo wa kupitisha wakati tu. Aliuhesabu kuwa somo kamili, kama kusoma na kuandika: somo la kutii, la kushirikiana na la kuvumilia.

Daktari Arthur alizaliwa Glasgow mwaka 1881. Mwaka huo huo, timu ya taifa ya Uskoti ilisafiri kwenda London kupambana na Uingereza, na aliyeiongoza kuingia uwanjani alikuwa kijana wa miaka 24, mrefu, mweusi, jina lake Andrew Watson. Yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza duniani kujulikana kuwa amecheza mpira kwa niaba ya taifa, na siku ile ya kwanza kabisa alikabidhiwa unahodha.

Bwana Watson alizaliwa tarehe 24 Mei, 1856, huko Georgetown, katika koloni la Guiana ya Waingereza, pwani ya Amerika ya Kusini, nchi ambayo leo huitwa Guyana. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti mwenye mali nyingi za mashamba ya miwa. Mama yake, Hannah Rose, alikuwa mwanamke wa huko huko, wa damu ya Kiafrika. Msomaji na akumbuke kwamba utumwa katika makoloni ya Waingereza ulikomeshwa kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1834, yaani miaka 22 tu kabla ya kuzaliwa mtoto huyo. Mali ya ukoo wa baba yake ilitokana na jasho la watumwa, watu wa asili moja na mama yake. Jambo hili halikwepeki katika habari za maisha yake, maana mali hiyo ndiyo iliyomsomesha, na ndiyo iliyomfungulia milango ambayo kwa mtu mweusi maskini ingalibaki imefungwa.

Alipokuwa bado mtoto alipelekwa Uingereza pamoja na dada yake, Annetta. Alisomeshwa kwanza Halifax, katika Heath Grammar School, kisha King's College School ya London. Baba alifariki mwaka 1869 na kuwaachia watoto hao urithi wa kuwatosha. Mwaka 1875, akiwa na miaka 19, Andrew aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow, chuo kile kile ambacho baadaye kilimfundisha Daktari Arthur udaktari. Alisoma hesabu na uhandisi, lakini hakudumu. Baada ya mwaka mmoja aliacha masomo akaingia katika biashara ya bohari. Mwaka 1877 akamwoa Bibi Jessie Nimmo Armour, nao wakajaliwa watoto wawili.

Glasgow ya siku zile ilikuwa imeshikwa na homa ya mpira. Mwaka 1872, ilipochezwa mechi ya kwanza kati ya mataifa, Uskoti na Uingereza zilitoka sare bila bao, na wachezaji wote 11 wa Uskoti walitoka katika klabu moja tu, Queen's Park. Klabu hiyo iliyoanzishwa mwaka 1867 ndiyo iliyokuwa chemchemi ya mchezo wa pasi. Waingereza wa wakati ule walikuwa na desturi ya mtu mmoja kuuchukua mpira na kwenda nao mbio mpaka anyang'anywe, huku wenzake wakimfuata nyuma kama kundi la mbuzi. Waskoti, ambao mara nyingi walikuwa wadogo wa mwili, waliona ni upumbavu kugongana na watu wazito. Wakaanza kupeana mpira, huyu akimpa yule, yule akimrudishia huyu, mpaka langoni.

Bwana Watson alianza kucheza katika klabu ndogo, kisha akajiunga na Parkgrove. Huko hakuwa mchezaji tu bali pia katibu wa mechi, mwenye kazi ya kuandikiana barua na klabu nyingine na kupanga tarehe. Kwa hiyo anahesabiwa pia kuwa mtu mweusi wa kwanza kushika madaraka katika uongozi wa klabu. Wala hakuwa mweusi peke yake pale, kwani Parkgrove ilikuwa na mchezaji mwingine mweusi aitwaye Robert Walker. Mwaka 1880 Queen's Park wakamwita. Kwa mchezaji wa Glasgow hakukuwa na wito mkubwa kuliko huo.

Nafasi yake ilikuwa beki. Inafaa kueleza kazi hiyo ilikuwaje, maana si kama ya leo. Timu nyingi zilikuwa na washambuliaji sita, wachezaji wawili wa katikati na mabeki wawili tu nyuma yao. Beki alipitwa na mawimbi ya watu sita, na ilikuwa halali kumsukuma mtu kwa bega mpaka aanguke. Penalti haikuwako, sheria yake haikutungwa mpaka mwaka 1891. Beki aliyetaka kubaki salama alihitaji mwili wenye nguvu, mbio, na zaidi ya yote akili ya kujua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa. Watson alikuwa na vyote vitatu, na tena alijua kuupiga mpira ukamfikia mwenzake, badala ya kuubutua tu mbele kama wengine walivyofanya.

Basi ikafika Jumamosi tarehe 12 Machi, 1881, katika uwanja wa Kennington Oval, London. Uskoti ilishinda kwa mabao 6 kwa 1. Tangu siku ile mpaka leo Uingereza haijapata kushindwa kwa tofauti kubwa kuliko hiyo katika ardhi yake yenyewe. Baada ya siku mbili tu Waskoti walikuwa Wrexham, wakaifunga Wales mabao 5 kwa 1. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Machi, 1882, Waingereza walikwenda Glasgow wakitaka kulipiza kisasi, nao wakafungwa 5 kwa 1. Hizo ndizo mechi tatu za taifa alizocheza Watson: mabao 16 ya kufunga, matatu ya kufungwa. Mabeki wengi wenye mechi 50 wangefurahi kuwa na hesabu ya namna hiyo.

Pamoja na klabu yake alitwaa Kikombe cha Uskoti mwaka 1881, akakitwaa tena 1882, na mara ya tatu 1886. Hakuna mtu mweusi aliyepata kushinda shindano kubwa la mpira kabla yake. Kama ilivyokuwa Parkgrove, Queen's Park nao walimpa ukatibu wa klabu. Wanahistoria wa mchezo huo wanaeleza kwamba magazeti ya siku zile hayakuzungumza sana juu ya rangi ya ngozi yake. Eti kilichowashangaza waandishi ni viatu vyake vya rangi ya kahawia, hali wenzake walivaa vyeusi. Habari hiyo inapendeza kusikia, lakini haifai kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba ubaguzi haukuwako. Watson alikuwa bwana mwenye elimu na fedha, mwenye kusema Kiingereza cha shule kubwa, na mabwana wenzake wa Queen's Park walimwona kuwa wa tabaka lao. Mbeba mizigo mweusi wa bandarini Glasgow asingalipokewa vivyo hivyo.

Kilichomwondoa katika timu ya taifa hakikuwa kushuka kwa mchezo wake, bali kuhama. Mwaka 1882 alikwenda kukaa London kwa ajili ya kazi, na chama cha mpira cha Uskoti wakati ule kilikuwa na kanuni ya kuwachagua wale tu wanaokaa Uskoti. Mwaka huo huo mkewe Jessie alifariki, na watoto wakarudishwa Glasgow kulelewa na babu na bibi yao. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu, umri ambao beki ndiyo kwanza anakomaa.

London nako walimgombania. Alichezea Swifts, akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika mashindano ya Kikombe cha chama cha Uingereza. Mwaka 1884 akaitwa na Corinthians, klabu ya mabwana wasiocheza kwa malipo, waliokuwa wakichaguliwa mmoja mmoja kwa ubora wao. Mwaka ule ule Corinthians waliwafunga Blackburn Rovers, wenye Kikombe, mabao 8 kwa 1.

Jina la Blackburn lafungua jambo lililokuwa likiupasua mchezo mzima: malipo. Queen's Park walishikilia kwamba mtu acheze kwa kuupenda mchezo tu, na walilishika neno lao mpaka mwaka 2019. Lakini katika miji ya viwanda ya Lancashire watu walikuwa wakilipa fedha mlangoni, na wenye klabu walitaka ushindi. Wakatuma wajumbe Uskoti kimya kimya kuwatafuta mafundi wa pasi. Mmoja wa wa kwanza kuitika alikuwa Fergus Suter, fundi wa mawe wa Glasgow, aliyehamia Darwen mwaka 1878, kisha akaenda Blackburn Rovers na kutwaa nao Kikombe mara tatu mfululizo, 1884, 1885 na 1886. Alipofika Darwen aliacha kazi ya mawe upesi, akitoa sababu kwamba mawe ya Uingereza ni magumu mno kuliko ya kwao. Mafundi wa mawe wa Nyeri na Karatina wangecheka kusikia udhuru huo, na watu wa Darwen nao walicheka, maana kila mtu alijua kwamba Suter analipwa kwa mpira. Waskoti wa namna hiyo wakawa wengi hata wakaitwa maprofesa. Hatimaye, mwezi Julai 1885, chama cha Uingereza kilikubali rasmi wachezaji walipwe. Uskoti yenyewe ilikaidi mpaka mwaka 1893.

Hapo ndipo habari za Bwana Watson zinapokuwa na utata. Alirudi Glasgow, akacheza tena Queen's Park, akaoa mara ya pili mwezi Februari 1887, naye mkewe alikuwa Bibi Eliza Kate Tyler. Kisha alihamia upande wa Liverpool, na katika majira ya 1887 akajiunga na klabu ya Bootle, majirani na washindani wakubwa wa Everton. Bootle walikuwa wakiwalipa baadhi ya wachezaji wao mashuhuri mshahara na fedha za kujiunga. Ikiwa Watson alikuwa miongoni mwa waliolipwa, basi yeye ndiye mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa duniani. Wanahistoria wamegawanyika. Wengine husema mtu aliyelelewa Queen's Park na Corinthians asingaliinama kupokea mshahara. Wengine hujibu kwamba urithi huisha, na baba wa watoto wanne huona mambo kwa jicho jingine. Jibu la pili lina uzito. Mtu huyo huyo, muda mfupi baadaye, aliingia katika chumba cha mashine cha meli ili apate riziki yake, na kazi hiyo si ya bwana mwenye fedha za kuchezea.

Heshima ya kuwa wa kwanza kulipwa kwa kawaida hupewa Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra, Ghana ya leo, mwaka 1865. Wharton alikuwa mwanariadha wa ajabu: mwaka 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10. Alikuwa golikipa wa Preston North End, na mwaka 1889 akajiunga na Rotherham Town kwa malipo. Alimaliza maisha yake akichimba makaa ya mawe, akafa mwaka 1930, na kaburi lake halikuwa na jiwe la jina mpaka mwaka 1997. Mmoja alikwenda chini ya ardhi kuchimba makaa, mwingine akaenda baharini kwenye meli ziendeshwazo kwa makaa hayo hayo.

Watson alifaulu mitihani ya uhandisi wa meli akasafiri kwa miaka mingi kutoka bandari ya Liverpool. Kwa hiyo, wakati Daktari Arthur alipokuwa akiwafundisha vijana wa Kikuyu mchezo wa pasi wa Uskoti, na wanafunzi wa Tumutumu wakiupokea kama elimu itokayo kwa Wazungu, mtu mweusi aliyekuwa miongoni mwa mafundi wakuu wa mchezo huo alikuwa bado hai, akipaka grisi mashine. Alifariki tarehe 8 Machi, 1921, huko Kew, London, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 64. Alizikwa katika makaburi ya Richmond.

Walimu wa mpira waliokuja Afrika hawakumtaja, na si ajabu, maana hata kwao alikuwa akififia. Mwaka 1926, mwaka ule ilipofunguliwa shule ya Alliance huko Kikuyu, mwandishi mmoja maarufu wa michezo wa Uingereza, J. A. H. Catton, aliorodhesha timu ya Waskoti bora wa nyakati zote, na nafasi ya beki wa kushoto akampa Watson. Baada ya hapo, kizazi kilichomwona kwa macho kilikwisha, na jina likapotea pamoja nacho. Uingereza ilipomchagua Viv Anderson mwaka 1978, watu walishangilia kana kwamba jambo hilo halijapata kuonekana katika visiwa vile, hali mtu mweusi alikuwa ameongoza Uskoti miaka 97 kabla yake. Uskoti yenyewe haikumpata mrithi wake mpaka mwaka 2004, alipochaguliwa Nigel Quashie.

Waliokuja kumfufua ni wapekuzi wachache waliokaa katika maktaba wakisoma magazeti ya zamani, vyeti vya ndoa na daftari za mabaharia. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba alihamia Australia na kufia huko, na habari hiyo ikanakiliwa kitabu baada ya kitabu bila mtu kuihakiki. Kaburi la Richmond lilipotambuliwa, lilikutwa limechakaa na kuota majani. Kwa michango ya watu lilitengenezwa, nayo kazi ikamalizika wakati wa kutimia miaka 100 tangu kifo chake, mwezi Machi 2021.

Mapema zaidi, mwaka 2012, Waskoti walikuwa wameliingiza jina lake katika orodha ya mashujaa wao wa mpira. Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 7 Novemba, Barcelona walikuwa Glasgow kucheza na Celtic, na katika safu ya katikati ya Celtic alisimama kijana wa Nairobi, Victor Wanyama, ambaye wenyeji wa Nyeri na Meru walimtazama kwenye televisheni za mikahawa usiku ule. Katika dakika ya 21 ilipigwa kona. Wanyama akaruka juu ya mabeki, akaupiga mpira kwa kichwa, ukaingia.